Darubini Kuukuu Katika Uwanda wa Kongwa

Msomaji mpenzi, ukitoka Morogoro kwa basi kwenda Dodoma utapita Gairo penye baridi, kisha Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi, na mbele yake utafika Mbande. Shuka hapo. Pana njia inayoiacha barabara kuu na kuelekea Mpwapwa, nayo itakufikisha Kongwa. Utaona uwanda mpana wenye udongo mwekundu, vichaka vya miiba, mibuyu iliyosimama mmoja mmoja kama wazee wanaongoja baraza, na vilima kwa mbali. Mwezi wa Agosti majani yote yamekauka. Upepo huvuma tangu asubuhi, na vumbi huingia kila mahali: katika chai, katika nywele, katika macho. Hayo ya macho yaweke moyoni, maana nitayarudia.

Jina la Kongwa lilipata kujulikana hata Ulaya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huku mpango mkubwa wa kulima karanga, ili Waingereza wapate mafuta baada ya vita. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Walileta matrekta, wakajenga reli kutoka Msagali, wakang'oa mibuyu kwa jasho jingi. Lakini mvua za Kongwa si za kutegemewa, na jua likiupiga udongo wake, huwa mgumu kama sakafu, hata kung'oa karanga yenyewe ni taabu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wenyeji, ambao walijua tangu zamani kwamba nchi hii ni ya ng'ombe na mtama, walirudi kwa ng'ombe wao na mtama wao.

Basi, anga lile lile kavu lililowashinda wakulima wa karanga lafaa sana kwa kazi nyingine. Katika kiangazi mawingu ni machache, hakuna mji mkubwa karibu, na mwezi ukiisha kutua, giza la Kongwa ni giza kweli. Watu wa Dar es Salaam hawana giza la namna hii tena. Wao huona nyota chache tu juu ya taa za barabarani, nao hudhani ndizo zote. Kwa sababu hiyo nilichagua kwenda Kongwa na darubini yangu mwaka 2025, katika siku zangu za likizo. Dada yangu ameolewa huko, na shemeji yangu ni mtu wa ng'ombe.

Yafaa niseme kwanza habari za darubini yenyewe, kwa kuwa huenda msomaji mmoja akatamani kununua ya namna hii. Niliinunua Dar es Salaam kwa mfanya biashara wa vitu vilivyokwisha kutumika. Ilikuwa ndani ya sanduku lake la karatasi ngumu, na juu ya sanduku palikuwa na picha ya sayari ya Zohali, pete zake pana kama ukingo wa kofia ya pama. Chini ya picha iliandikwa namba 525, maana yake darubini hukuza kitu mara 525.

Usiiamini namba hiyo. Hesabu yake ni hii. Kioo kikubwa cha mbele kina upana wa milimita 60, kama mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa, nacho hukusanya nuru kwa umbali wa milimita 700. Nyuma hutiwa kioo kidogo cha kutazamia. Chukua 700 ugawe kwa namba ya kioo kidogo, ndipo utajua inakuza mara ngapi. Kioo cha namba 20 hukuza mara 35. Kioo cha namba 4 hukuza mara 175. Na ukitia kile kibomba kinachozidisha mara tatu, ndiyo 525 yao. Lakini nuru inayoingia ni ile ile ya kikombe cha kahawa. Ni sawa na kijiko kimoja cha sukari: ukikitia katika bilauri ya chai utaonja utamu, ukikitia katika sufuria ya harusi, hakuna atakayejua kwamba sukari ilitiwa. Darubini ya upana huo ikipita mara 120 hivi huonyesha ukungu mtupu. Mimi nilitumia ile ya mara 35 karibu kila usiku, nami sikujuta.

Ukienda kununua, mulika tochi ndani ya kioo kikubwa uangalie kama kimeota ukungu mfano wa utando wa buibui. Mikwaruzo miwili mitatu si neno. Tikisa miguu yake mitatu, kwa sababu darubini nyingi kuukuu zina kioo kizuri na miguu mibovu. Yangu ilikuwa na mguu mmoja uliolegea. Niliukaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

Na ndani ya sanduku nilikuta kitu kingine kidogo, kioo cheusi cha duara, chenye neno la Kiingereza maana yake Jua. Zamani viwanda vilikuwa vikitia kioo hicho ili mtu akibandike nyuma ya darubini na kulitazama jua. Msomaji, ukikikuta, kivunje siku ile ile. Moto wa jua unaokusanywa na kioo kikubwa huja kukipiga kile cheusi, nacho huweza kupasuka ghafula mtu akiwa ameweka jicho lake hapo. Jicho likiungua namna hiyo halina dawa. Cha kwangu nilikiponda kwa jiwe, vipande nikavitupa chooni.

Nikasafiri na sanduku magotini. Kondakta alitaka kuliweka chini ya basi nikakataa. Akauliza kama ni bunduki. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akienda Singida, akasema kwa upole kwamba hata kama ni bunduki, baba huyu ameishika kama mtoto mchanga, basi mwacheni.

Nilifika Jumatatu tarehe 25 Agosti, jua likielekea kutua. Baada ya “Mbukwenyi” na maji ya kunawa, shemeji alilizunguka sanduku kama azungukavyo ng'ombe mnadani.

“Shemeji, hii imekugharimu kiasi gani?”

Nikamwambia. Akahesabu kimya.

“Mbuzi wawili, na chenji kidogo. Yaonyesha mvua itakuja lini?”

“Haionyeshi.”

“Haya,” akasema, akaenda zizini.

Usiku wa kwanza mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha, ukakaa muda mfupi tu magharibi. Upepo ulitikisa darubini hata mwezi ukawa unaruka kama samaki. Dada yangu alileta mfuko wa mchanga, tukauning'iniza katikati ya miguu mitatu, na chombo kikatulia. Hila hiyo ni ya bure, nayo inafaa kuliko vioo vyote vya namba kubwa. Watoto wakajipanga, mdogo mbele. Wa kwanza alitazama kidogo tu akapiga kelele: “Mjomba, umekimbia!” Nikawaeleza kwamba mwezi haukimbii hivyo, dunia tunayoikanyaga ndiyo inayozunguka, na ukikuza mwezi unaukuza na mzunguko wa dunia. Ukitazama bila darubini hutambui. Ukitazama kwa darubini, mwezi hutoka nje ya kioo katika muda wa dakika chache, na huna budi kuufuata polepole kwa mkono. Mtoto yule aliutazama mchanga chini ya miguu yake, kama mtu anayeogopa kuteleza.

Usiku wa pili Mirihi alikuwa karibu na mwezi, nukta ndogo nyekundu isiyo na cha kuonyesha, kwa kuwa wakati ule alikuwa mbali nasi sana. Lakini mwezi ulipotua, ndipo anga la Kongwa lilipofunguka. Njia ya Maziwa ilipita juu ya paa kutoka kusini hadi kaskazini. Nge alikuwa juu kabisa, mkia wake umejikunja. Karibu na ncha ya mkia utaona kwa macho yako doa dogo la nuru kama pumzi kwenye kioo. Elekeza darubini hapo: ni kundi la nyota nyingi nyeupe, zimetawanyika kama punje za mchele kwenye ungo. Kundi hilo liliandikwa na Ptolemy wa Aleksandria karibu miaka 1,900 iliyopita, naye hakuwa na darubini.

Kusini magharibi, chini, Msalaba wa Kusini ulikuwa ukilala kuelekea kutua. Juu yake pana nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri, jirani wa jua letu. Nuru yake husafiri miaka minne na zaidi kabla ya kutufikia. Kwa macho ni nyota moja. Kwa kioo chenye kukuza kidogo zaidi ya kile cha 35, utaona ni nyota mbili zilizokaa bega kwa bega. Dada yangu aliziangalia sana. “Miaka yote hii,” akasema, “nilidhani ni moja.”

Sisi tunaokaa kusini kidogo ya ikweta tumebahatika. Mtu wa Ulaya ya kaskazini ana nyota yake ya kaskazini, ambayo Kongwa haionekani kamwe. Lakini yeye hapati kuona Msalaba wa Kusini, wala Alfa Kentauri, wala lile kundi kubwa la Omega Kentauri, mpira wa nyota mamilioni unaoonekana katika darubini ndogo kama unga uliomwagika.

Saa nne usiku Zohali alikuwa amekwisha kupanda mashariki. Watoto walikuwa wameitazama ile picha ya sandukuni tangu mchana, nao walikataa kwenda kulala. Nikaelekeza. Wa kwanza akatazama, akanyamaza. Wa pili akasema, “Ni mbegu iliyochomwa sindano.” Nikatazama mwenyewe: ndivyo hasa. Kiduara kidogo cha manjano, na mstari mwembamba unaopenya katikati. Shemeji, aliyekuwa amesimama nyuma amejifunika blanketi, akacheka. “Umeuziwa picha, shemeji.”

Lakini darubini haikuwa na kosa, wala aliyeiuza. Pete za Zohali ni pana mno na nyembamba mno, na kila miaka 13 hadi 16 hutugeuzia ubavu, kama sahani unayoiinua usawa wa macho. Mwezi Machi 2025 zilikuwa zimetuelekea ubavu hasa, na Agosti zilikuwa bado hazijafunguka. Galileo naye lilimpata jambo hilo hilo. Mwaka 1610 aliitazama Zohali kwa darubini yake hafifu akadhani ni nyota tatu zilizoshikana. Mwaka 1612 akatazama tena, na zile mbili za pembeni hazipo! Alishangaa sana, naye alikufa mwaka 1642 bila kujua sababu. Ni mwaka 1659 Mholanzi Huygens alipoandika kwamba ni pete. Nilipowaeleza hayo, mpwa wangu mkubwa aliuliza pete zitafunguka lini. Nikamwambia zitapanuka mwaka hadi mwaka, na kufika mwaka 2032 zitakuwa wazi kama pichani. Akahesabu atakuwa na umri gani.

Aliyebadilika zaidi ni shemeji, na ilikuwa ajabu kwangu. Yeye huamka saa kumi na moja alfajiri kukamua. Asubuhi ya tatu alinikuta uani. Kilimia kilikuwa juu upande wa kaskazini, Mshtarii aling'aa mashariki, na chini yake Zuhura akiwa mkali zaidi. Nikampa Mshtarii. Akaona duara lenye mistari miwili hafifu, na pembeni nukta ndogo zilizopangwa mstari mmoja. Nikamwambia hizo ni miezi yake. Anayo mingi, lakini minne ni mikubwa, na Galileo aliiona mara ya kwanza Januari 1610. Ule wa karibu huzunguka kwa siku moja na robo tatu, wa nne kwa siku 16 na zaidi.

“Kwa hiyo kesho itakuwa imehama?”

“Itakuwa imehama.”

Kesho yake alikuja na bairo na kalenda ya mwaka uliopita. Akachora nyuma yake duara na nukta. Akafanya hivyo kila alfajiri, ndoo ya maziwa mkononi, naye alikasirika siku moja wingu lilipomnyima. Mtu anayejua kila ng'ombe wake kwa alama alikuwa amepata kundi jingine la kuhesabu.

Mchana niliwafundisha watoto juu ya jua, maana niliogopa kwamba siku moja watajaribu wenyewe. Niliondoa kioo kidogo cha nyuma, nikaielekeza darubini juani kwa kufuata kivuli chake bila kutazama ndani, nikashika jani kavu la mbuyu nyuma yake. Halikuchukua muda likatoa moshi, kisha tundu jeusi. Nikawaambia: hilo ni jani; sasa fikirini ni jicho. Hakuna aliyesema neno. Tangu siku ile yule mdogo alikuwa akiifunika darubini kwa kanga kila kunapokucha, hata kabla ya kuambiwa.

Sasa nifike kwenye yale macho niliyokutajia mwanzoni.

Katika nyumba ile yumo Bibi, mama yake shemeji. Jicho lake la kulia limekufa kwa vikope, ugonjwa ambao madaktari huuita trakoma. Wasomaji wa sehemu kavu wanaujua. Kijidudu chake hupitishwa kwa mikono, kwa nguo za kufutia uso, na kwa nzi wanaotua kwenye uso mchafu wa mtoto. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, upande wa ndani wa kope hupata makovu. Akiwa mtu mzima kope hujikunja, nywele zake huingia ndani na kulikwaruza jicho mpaka linakuwa jeupe. Kongwa iliteseka sana. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa macho kutoka nchi mbalimbali wamefanya utafiti katika vijiji vyake, na mambo waliyojifunza huku, kama vile faida ya kumnawisha mtoto uso na kuwapa dawa watu wa kijiji kizima kwa pamoja, yamesaidia nchi nyingine nyingi. Siku hizi ugonjwa umepungua kuliko zamani. Lakini Bibi alikuwa msichana kabla ya hayo. Kwa miaka mingi alijing'oa nywele za kope kwa kibano, na kope za jicho la kushoto zilipopasuliwa na kunyooshwa, la kulia lilikuwa limekwisha kwenda.

Jumapili tarehe 31 Agosti mwezi ulikuwa nusu. Huo ndio usiku bora wa kuutazama. Si mwezi mpevu kama wengi wanavyodhani. Mwezi mpevu hupigwa nuru usoni na vivuli vyote hupotea. Ukiwa nusu, pale nuru inapokutana na giza kila shimo lina kivuli, kila mlima una ncha, na baadhi ya mashimo hayo ni mapana kuliko wilaya nzima ya Kongwa. Watoto walipiga kelele hata Bibi akatoka ndani na kigoda chake. “Nami nitazame,” akasema. “Nimeusikia mwezi wiki nzima.”

Tuliishusha darubini. Mjukuu akamshika mkono, naye akaweka jicho lake la kushoto. Akakaa muda.

“Naona mweupe. Lakini mmechoma nini? Mwezi una moshi.”

Hapakuwa na moshi. Nikazungusha kile kirungu cha kusafishia picha, mbele na nyuma. “Bado moshi,” akasema. Mjukuu akatazama: “Bibi, ni safi kabisa.” Nikamwelekezea nyota moja kali, akasema ni taa yenye nywele. Nikamwona dada yangu akimtazama mumewe. Miezi mingi Bibi alikuwa akilalamika kwamba taa ya sola imechoka, kwamba mchele wa siku hizi una mawe mengi. Wao walidhani ni uzee na manung'uniko yake. Kumbe alikuwa akichambua mchele kwa vidole.

Siku ya pili yake shemeji alimpakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Muuguzi wa macho alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, na ya kuwa jicho lenyewe upande wa mbele bado ni zuri. Aende Dodoma akafanyiwe operesheni: lenzi iliyochafuka hutolewa na kutiwa nyingine ya plastiki, kazi ambayo kwa kawaida haifiki saa moja, naye mgonjwa hulazwa bila kusinzishwa.

Bibi alirudi, akavua viatu, akasema hataki.

Usimcheke, msomaji. Mwenye macho mawili akisikia neno operesheni anaogopa jicho moja. Bibi alikuwa nalo hilo moja tu. “Hili lina moshi,” alimwambia mwanawe, “lakini nakuona umesimama pale. Wakikosea sitakuona.” Shemeji alimweleza alivyoelezwa: kwamba mara nyingi inafaulu, kwamba akiuacha moshi utazidi mpaka asimwone kabisa. Kisha wote wakanyamaza, na jambo lile likakaa ndani ya nyumba wiki nzima kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa.

Jumapili iliyofuata, tarehe 7 Septemba, palikuwa na kupatwa kwa mwezi. Jambo hilo lilikuwa limejulikana tangu zamani kwa hesabu za wataalamu, hata dakika zake. Majirani walikuja na mikeka. Mwezi mpevu ulikuwa umekwisha kupanda mashariki, na saa moja na dakika 27 usiku kivuli cha dunia kikaanza kuula pembeni. Msomaji, mwezi hauna hatari kwa macho, mtazame upendavyo. Saa mbili na nusu ukafunikwa wote, ukawa mwekundu kama shaba ya zamani, na nyota zilizokuwa zimefichwa na mwanga wake zikarudi moja moja. Zohali alionekana chini yake. Wekundu ule ni nuru ya machweo na mawio yote ya dunia kwa wakati mmoja, inayopinda katika hewa yetu na kufika mwezini. Mzee mmoja jirani alisema amewahi kuona mambo hayo mara tatu maishani, lakini hii ndiyo ya kwanza ambayo aliambiwa saa yake.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Watoto walikuwa wakimweleza: sasa ni nusu, sasa ni ukucha, sasa ni mwekundu. Wao walisema mwekundu. Yeye hakuona kitu, maana mwezi uliopatwa ni hafifu, na moshi wa jicho lake uliumeza. Alikaa uso umeinuliwa kwenye giza. “Uko wapi?” aliuliza mara moja, na mjukuu akamgeuza kichwa kwa mikono miwili kuelekea mwezini. Hilo halikusaidia.

Dakika 82 ni nyingi ukikaa hivyo. Saa nne kasoro dakika nane ukingo mmoja wa mwezi ukawaka. Bibi akanyoosha kidole kabla ya watoto kusema. “Pale,” akasema.

Hakusema zaidi usiku ule. Alfajiri nilipokuwa na shemeji uani, kalenda yake imejaa duara na nukta, alikuja mlangoni akasema: “Uza yule mbuzi mweusi. Siyo yule mwenye mimba.” Kisha akaingia kuwasha moto.

Likizo yangu ilikwisha, nikarudi Dar es Salaam na sanduku magotini. Operesheni ilifanyika Dodoma mwezi Oktoba. Dada yangu alikaa naye. Anasema siku walipofungua kitambaa Bibi alimtazama usoni kitambo kizima, akamwuliza tangu lini amekonda hivi.

Novemba simu ilipigwa usiku. Mawingu ya kwanza yalikuwa yanakusanyika Kongwa, shemeji alikuwa anatayarisha shamba, na Kilimia sasa kilikuwa kikichomoza jioni. Alikuwa Bibi mwenyewe, akipaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

“Mwanangu, mjukuu huyu asema nyota za Kilimia ni saba. Mimi nimehesabu jana na leo, ni sita. Njoo na darubini yako tuamue.”